Sutayta binti al-Mahamili na hesabu ya mirathi



Sifa zote njema ni za Allah (S.W), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), Ahli zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, darsa hii imetokana na kikao kimoja cha mirathi nilichohudhuria Gatenga, hapa hapa Kicukiro. Marehemu aliacha mke, binti mmoja, mama yake mzazi, na ndugu yake wa kiume wa baba na mama. Mali iliyobaki baada ya mazishi na madeni ilikuwa faranga milioni saba na laki mbili (kiasi nimekibadilisha, ya watu yabaki ya watu). Mzee mmoja wa upande wa mke, mcha Mungu, akatoa simu yake akaanza kupiga hesabu. Mama ana sudusi: akaondoa milioni moja na laki mbili, zikabaki milioni sita. Binti ana nusu: akaondoa milioni tatu, zikabaki milioni tatu. Mke ana thumni, kwa kuwa marehemu ameacha mtoto: thumni ya milioni tatu ni 375,000. Ndugu akapewa kilichobaki, 2,625,000. Ikaombwa dua, watu wakaitikia amina.

Nilikuwapo, mwanafunzi wa elimu ya dini, nimekaa upande wa akina mama na kikombe changu cha chai. Nilihisi kuna kitu hakijakaa sawa, lakini nisingeweza kusema ni kitu gani. Katika somo la mirathi nilikuwa nimehifadhi nani anarithi na kwa dalili ipi. Tulipofika kwenye hesabu zenyewe nilifanya kama tunavyofanya wengi wetu akina dada: niliweka kalamu chini nikasubiri kaka mmoja amalize ubaoni, kisha nikanakili. Aliyeuliza swali siku ile ni binti wa marehemu, mwanafunzi wa sekondari. "Babu, samahani. Mbona thumni ya milioni saba haifiki hata laki nne?"

Alikuwa sahihi. Mafungu yaliyotajwa katika Surat an-Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176, hukatwa kutoka kwenye mali yote, si kutoka kwenye kile kilichobaki baada ya mwenzako kuchukua chake. Yangekuwa ya mabaki, basi anayetajwa mwisho angeumia kila siku, na mgawanyo ungebadilika kwa kumtanguliza huyu au yule. Njia yenyewe ni kutafuta namba moja inayogawanyika kwa sita, kwa mbili na kwa nane. Namba hiyo ni 24. Sudusi ya 24 ni 4, nusu ni 12, thumni ni 3. Jumla 19, zinabaki 5 za ndugu ambaye ni asaba. Milioni saba na laki mbili ukizigawa kwa 24 kila sehemu ni 300,000. Kwa hiyo mama 1,200,000, binti 3,600,000, mke 900,000, ndugu 1,500,000. Mjane alikuwa amepunjwa 525,000 na yatima 600,000, na zote zilikwenda kwa ndugu bila yeye kujua wala kuomba. Mzee akasema Astaghfirullah, akaanza upya, na ndugu yule, Allah amjaze kheri, alikuwa wa kwanza kusema zirudi.

(Sheria ya nchi ina taratibu zake za urithi, na mwenye shauri la kisheria aende kwa mwanasheria. Hapa nazungumzia hesabu.)

Nilirudi hosteli na aibu yangu, nikaanza kutafuta: katika historia yetu, ni mwanamke gani angeliona kosa lile kabla mzee hajafika kwenye tarakimu ya pili? Wako, na wa kwanza kila Mwislamu anamjua.

Masruq, mwanafunzi mkubwa wa Maswahaba katika mji wa Kufa, aliulizwa kama Mama wa Waumini Aisha (R.A) alikuwa mjuzi wa faraidh. Akaapa kwamba aliwaona wakubwa katika Maswahaba wa Mtume (S.A.W) wakimuuliza yeye juu ya faraidh. Ad-Darimi ameipokea habari hii katika Sunan yake. Tunapomtaja Bibi Aisha tunazoea kutaja hadithi alizozipokea, na ni nyingi mno. Lakini mirathi huwezi kuifanya kwa kuhifadhi peke yake. Mtu anakuja na warithi wake sita, kila mmoja na fungu lake, anataka jibu. Waliokwenda kumuuliza walikwenda kwa mtu anayejua kugawa.

Hapa nigusie hadithi inayosomwa sana kwenye mihadhara, isemayo kuwa elimu ya mirathi ni nusu ya elimu. Imo katika Sunan Ibn Majah, na wanazuoni wa hadithi wameitaja sanadi yake kuwa dhaifu. Elimu hii haihitaji kutetewa kwa hadithi dhaifu. Aya tatu za an-Nisaa zinaitosha.

Sasa tuje kwa Sutayta. Jina lake hasa ni Amat al-Wahid binti al-Husayn bin Ismail al-Mahamili, na Sutayta ni jina la kuitwa tu. Aliishi Baghdad katika karne ya nne ya Hijria, na alifariki mwezi wa Ramadhani mwaka 377 H (987/988 M). Baba yake alikuwa mwanazuoni wa hadithi na kadhi wa Kufa kwa muda mrefu, na ndiye aliyeanza kumfundisha. Mwanawe naye alikuja kuwa kadhi. Khatib al-Baghdadi amemwandikia maelezo mafupi katika kitabu chake cha historia ya Baghdad, na Ibn al-Jawzi na Ibn Kathir nao wamemtaja. Alihifadhi Qur'ani, akaijua fikihi ya madhehebu ya Imam Shafi, akazijua faraidh na hesabu zake, nahau, na elimu nyingine. Alikuwa akitoa fatwa pamoja na Abu Ali bin Abi Hurayra, faqihi mkubwa wa Kishafi wa zama zile. Alipokea hadithi na watu wakaandika kutoka kwake. Alikuwa pia mwingi wa sadaka.

Ndugu msomaji, ukitafuta jina lake kwenye intaneti utakuta makubwa zaidi: kwamba alivumbua kanuni za aljebra, kwamba wanahisabati waliomfuata walinukuu majibu yake. Mimi nimeyaacha. Hakuna kitabu chake kilichotufikia, na waliomwandika karibu na zama zake hawakusema hayo. Tatizo hili liko pia kwa yule fundi wa asturulabi anayeitwa Mariam al-Ijliyya. Ibn al-Nadim anamtaja kwa mstari mmoja tu katika orodha ya mafundi, kuwa ni binti wa al-Ijli aliyekuwa katika utumishi wa Sayf al-Dawla, mtawala wa Halab. Jina la Mariam halimo mle. Kazi yake ilikuwa ya hesabu kweli, maana asturulabi ni chombo cha kupimia urefu wa jua na nyota, na kwa hicho watu walijua saa za swala. Mstari mmoja wa kweli unatosha. Tusiwapambe mama zetu kwa uongo, maana siku uongo ukigundulika watu watautupa na ukweli.

Tena maelezo ya Sutayta yana neno moja ambalo wengi hulipita haraka. Baada ya faraidh na hesabu zake, limetajwa "ad-dawr". Dawr ni mzunguko. Ni aina ya masuala ya mirathi na wasia ambamo jibu linajizungukia lenyewe: ili ujue hiki lazima ujue kile, na ili ujue kile lazima ujue hiki. Nitatoa mfano niliounda mwenyewe kwa kufuata njia yao.

Mtu yuko katika maradhi ya kifo. Ana mtoto wa kiume, na mali yake yote ni faranga 800,000. Anampa dada yake zawadi. Dada harithi hapa, kwa kuwa mtoto wa kiume anamzuia, lakini zawadi ya mtu aliye katika maradhi ya kifo ina hukumu ya wasia: haivuki thuluthi ya mali. Sasa dada naye akafariki kabla ya kaka yake, hakuacha mtoto, ameacha mume na huyo kaka. Mume ana nusu, kaka asaba ana nusu iliyobaki. Kwa hiyo nusu ya ile zawadi inarudi kwa aliyeitoa. Ikirudi, mali yake inaongezeka. Mali ikiongezeka, thuluthi inaongezeka. Thuluthi ikiongezeka, zawadi inayokubalika inaongezeka, na nusu yake inayorudi inaongezeka tena. Utazunguka hapo mpaka alfajiri.

Ukata mzunguko kwa kukipa kisichojulikana jina. Wanahisabati wa Kiarabu walikiita "shay'", yaani kitu. Tuseme zawadi sahihi ni kitu. Kaka amebaki na 800,000 kasoro kitu, kisha amerudishiwa nusu ya kitu. Warithi wake lazima wapate mara mbili ya zawadi, ndipo zawadi iwe thuluthi. Basi 800,000 kasoro nusu ya kitu ni sawa na vitu viwili. Kwa hiyo 800,000 ni vitu viwili na nusu, na kitu kimoja ni 320,000. Hakikisha: kaka amebaki na 480,000, amerudishiwa 160,000, jumla 640,000, ambayo ni mara mbili ya 320,000. Imetimia.

Hii ndiyo aljebra, wala si mfano wa kuilinganisha nayo. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu cha al-jabr katika zama za Khalifa al-Ma'mun (aliyetawala 813 hadi 833 M), aliijaza karibu nusu ya kitabu hicho kwa masuala ya wasia na mirathi, yakiwemo ya dawr. Sisi shuleni tulipewa milinganyo mikavu, tukaona ni mambo ya watu wengine. Kumbe sehemu kubwa ya kitabu kilichoipa fani hii jina lake ni ya mjane, yatima na mgonjwa anayegawa. Aliyesema kuwa Sutayta aliijua dawr alisema kuwa mwanamke huyu alijua kutatua mlinganyo.

Na sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati ambayo hatuihesabu. Mafungu sita yaliyotajwa katika Qur'ani yamo vinywani mwetu: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi, sudusi. Wazee wa pwani waliita thumni hata sarafu ya senti hamsini. Wenzetu waliosoma shule za Tanzania wanajua pia kwamba namba ya chini ya sehemu huitwa asili. Katika faraidh ile 24 yetu ya juu huitwa asili ya mas-ala. Mtoto wa darasa la tano anayejua kutafuta asili moja ya sehemu tatu tayari ameingia mlangoni mwa elimu hii.

Tuongeze hatua moja, kwa sababu hapa ndipo wengi huanguka. Wakati mwingine mafungu yanazidi mali. Inasimuliwa kwamba lilipotokea jambo hili zama za Khalifa Umar (R.A), marehemu alikuwa mwanamke aliyeacha mume na dada wawili. Mume ana nusu, dada wawili wana thuluthi mbili. Asili ni 6: mume 3, dada 4, jumla 7. Sita haitoi saba. Umar (R.A) akawashauri Maswahaba. Katika riwaya moja al-Abbas (R.A) alilinganisha na mtu aliyekufa na dirhamu sita huku akidaiwa tatu na huyu na nne na yule: je, hamtafanya mali mafungu saba, kila mmoja apungukiwe kwa kadiri yake? Ndivyo ilivyoamuliwa, na ndiyo inayoitwa aul. Asili inapanda kutoka 6 hadi 7, mume anachukua sehemu 3 kati ya 7, dada sehemu 4 kati ya 7. Hakuna aliyefutwa, wote wamepungukiwa kwa uwiano mmoja.

Mashuhuri zaidi ni mas-ala ya mimbari. Ali (R.A) alikuwa akihutubu, akaulizwa juu ya mtu aliyeacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Asili ni 24: mke 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Jumla 27. Akajibu pale pale kwamba thumni ya mke imegeuka tusui, yaani sehemu moja ya tisa, akaendelea na hotuba yake. Gawa 3 kwa 27 uone mwenyewe. Kila ninapousoma mkasa huu namfikiria mwanafunzi anayetoa simu yake kutafuta thumni ya milioni tatu.

Njia hii haikukatika Baghdad, ingawa kwa karne nyingi majina ya wanawake katika hisabati ni machache kokote utakapotazama, Mashariki hata Magharibi. Nishani ya Fields, ambayo ndiyo heshima kubwa kabisa kwa wanahisabati vijana, ilianza kutolewa mwaka 1936. Mwanamke wa kwanza kuipata aliipata mwaka 2014, mjini Seoul: Maryam Mirzakhani, aliyezaliwa Tehran mwaka 1977. Alipokuwa msichana wa sekondari aliiwakilisha Iran katika mashindano ya kimataifa ya hisabati, akapata dhahabu mwaka 1994, na mwaka 1995 akapata dhahabu tena kwa alama zote 42. Alisoma Chuo Kikuu cha Sharif, kisha Harvard, akafundisha Stanford. Alifariki mwaka 2017 kwa saratani ya matiti, akiwa na miaka 40. Wa pili, Maryna Viazovska wa Ukraine, aliipata mwaka 2022. Fani aliyoishughulikia Mirzakhani, ya nyuso zilizopinda na njia zinazopita juu yake, sina uwezo wa kuifundisha hapa na sitajifanya ninao.

Lakini kuna jina la karibu zaidi, na nashangaa hatulitaji kwenye mihadhara yetu. Profesa Verdiana Masanja alizaliwa Bukoba mwaka 1954, ng'ambo tu ya mpaka wetu, katika mkoa unaoitwa kwa jina la mto wetu Akagera, wao wakiuita Kagera. Alisoma sekondari ya Jangwani, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1986 akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin. Ndiye mwanamke wa kwanza Mtanzania kupata udaktari wa hisabati. Fani yake ni mwendo wa vimiminika, hasa vile visivyotiririka kama maji. Fikiria uji mzito au rangi ya ukuta ikisukumwa ndani ya bomba: kanuni ya maji haitoshi, na milinganyo yake haitatuliki kwa mkono peke yake, lazima kompyuta ikaribie jibu hatua kwa hatua. Hicho ndicho alichokishughulikia Berlin.

Mwaka 2006 alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, kule Butare ambayo leo ni Huye, kabla hakijaunganishwa na vyuo vingine kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda mwaka 2013, na alipewa kuongoza utafiti wa chuo hicho. Ina maana kwamba kaka na dada zetu waliosoma pale miaka ile walisoma katika chuo ambacho utafiti wake uliongozwa na mwanahisabati mwanamke anayezungumza Kiswahili. Tena hakuishia kwenye milinganyo yake. Kwa miaka mingi ameandika na kufanya kazi juu ya kwa nini wasichana wa Afrika wanapungua kila ngazi ya sayansi na hisabati inapopanda. Swali lake hilo lingeweza kuulizwa darasani kwetu, siku ile nilipoweka kalamu chini.

Dada anayesoma haya na anaipenda hisabati ajue pia kwamba tangu mwaka 2016 Kigali ina kituo cha AIMS, kinachotoa shahada ya uzamili ya sayansi za hisabati kwa vijana kutoka nchi nyingi za Afrika. Huna haja ya kuvuka bahari kwanza.

Kwa wasioitaka hisabati kama fani, akina dada na akina kaka, narudi kwenye kikao cha Gatenga. Kwenye halaka yetu tumekubaliana na dada watatu kwamba kila wiki tunatatua mas-ala mawili ya mirathi kwa mkono, bila simu, na hakuna anayenakili kwa mwenzake. Wiki ya kwanza nilikosea yote mawili. Wiki ya nne nilipata moja, na la pili nilikosea kujumlisha tu. Anayetaka kujiunga anakaribishwa, na hili ndilo mas-ala la wiki hii:

Mwanamke amefariki, ameacha mume, mama, na dada mmoja wa baba na mama. Hakuacha mtoto wala baba. Mali iliyobaki baada ya madeni ni faranga 4,800,000. Tafuta asili, angalia kama ina aul, kisha utaje kila mmoja anapata faranga ngapi. Kumbuka kuwa dada ni mmoja tu, kwa hiyo fungu la mama litazame vizuri kabla ya kuandika sudusi. Ukimaliza, soma rai ya Ibn Abbas (R.A) juu ya mas-ala hii hii. Yeye hakukubali aul, na aliwaalika waliomhalifu kwenye mubahala, yaani kuapizana, hata mas-ala yenyewe ikapewa jina hilo. Jumhuri ya wanazuoni haikumfuata. Njoo na majibu yote mawili, kwa hesabu ya jumhuri na kwa hesabu yake, tuyaweke ubaoni.

Wallahu a'lam.